Mteuzi wa Tumbaku na Hisa za Biskuti

Pua ya Pankrasi haikuwa kubwa. Wageni walitegemea kukuta pua kama kiazi, wakakuta kipua cha kawaida tu, kimekaa katikati ya uso kama mtu aliyepita kusalimia na hataki kukaribishwa kiti. Lakini pua hiyo ililisha nyumba nzima kwa miaka thelathini na mmoja. Ndiyo iliyomfanya awe mteuzi wa tumbaku, yule mtu anayesimama sokoni siku ya mauzo, robota la majani linawekwa mbele yake, analinusa, anatamka daraja, na mkulima ama anacheka ama anatafuta mahali pa kukaa.

Watu wa Namtumbo wanasimulia, na mpaka leo hajatokea wa kuwabishia, kwamba Pankrasi akinusa jani la tumbaku ya moshi alikutajia mti uliochomwa ndani ya bani wakati wa kulikausha, na siku ambayo mwenye bani alisinzia moto ukazimika. Kuna mwaka alinusa robota la mzee mmoja akamwambia, "Mali nzuri hii, ila siku ya tatu ya kukausha mligombana na mama." Mzee akaapa kwa watakatifu wote anaowajua kwamba hawakugombana. Mkewe alikuwa nyuma yake kwenye foleni, na kikapu kichwani. Akasema, "Tuligombana." Robota likapewa daraja la pili.

Hata hivyo, wakulima hawakuiogopa pua kama walivyouogopa mkono. Majani ya juu ya robota Pankrasi hakuyajali. Hayo aliyaita majani ya kuvaa kanisani. Alizamisha mkono hadi kiwikoni, akavuta jani la tumboni. Likitoka na ukungu, jani moja tu, robota zima lilisukumwa pembeni na halikurudi. Mkulima angelia, angepiga magoti, angemtaja mama yake Pankrasi kwa mema au kwa mabaya; lililokataliwa lilikuwa limekataliwa. Yeye alikwenda kwenye robota linalofuata bila kugeuza shingo. Kwa mwendo huo alistaafu na heshima yake yote, akarudi nyumbani kwake Lizaboni, mjini Songea, kwa mkewe Kasiana. Huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Walikuwa na watoto wawili. Renatha aliolewa Mbinga. Egidi alikufa.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, anaendesha pikipiki, akakutana na lori la makaa ya mawe mahali ambapo barabara haikuwatosha wote wawili. Walimzika Mgombasi, kijijini kwa Pankrasi, kwenye makaburi ya kijiji, wakamwekea msalaba wa mbao na kichuguu cha udongo kama ilivyo kawaida ya siku za mwanzo. Lakini kwa watu wa kule kaburi la udongo ni kitanda ambacho hakijatandikwa. Mwaka ukizunguka mnarudi na saruji, fundi anajengea, katekista anabariki, watu wanakula, na hapo ndipo msiba unakwisha kweli. Kabla ya hapo, hata mama wa marehemu akinunua kanga mpya, wifi zake humtazama.

Na kwa kuwa Egidi ndiye aliyewafungulia uzazi, waliitana kwa jina lake. Baba Egidi, njoo ule. Mama Egidi, miwani yangu umeiweka wapi. Marehemu alitajwa katika nyumba ile kuliko chumvi.

Kiinua mgongo kilipotoka, Kasiana hakusubiri. Alitenga fungu, akalifunga kwa kipande cha kanga, akamwambia mumewe, "Hili la Egidi. Mengine fanya utakavyo, hata ukafuge kobe." Pankrasi akaitikia kwa kichwa, na wakati ule alimaanisha.

Mwezi wa sita ukaja na manyunyu yake. Milima ya Matogoro ikajifunika ukungu wiki nzima, na wastaafu wa Lizaboni hawakuwa na la kufanya zaidi ya kukohoa. Parokia ikatangaza semina ya uwekezaji kwa watu wa kawaida, Jumamosi tatu ukumbini, chai ya tangawizi ipo. Pankrasi alikwenda kwa ajili ya chai.

Mfundishaji alikuwa Mwalimu Jane, anayefundisha biashara sekondari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Akaeleza kwamba hisa ni kipande cha kampuni. Ukinunua, wewe nawe ni mwenye kampuni, hata kama kipande chako ni kidogo kama punje ya ulezi. Kampuni ikipata faida inaweza kukugawia, na hilo huitwa gawio. Ikivurunda, unavurundika nayo.

Pankrasi akanyoosha mkono. "Mwalimu, hizo hisa mtu anazishika wapi?"

"Hazishikwi, mzee. Zinaandikwa kwa jina lako, unaziona kwenye simu."

"Zina harufu?"

"Hazina."

"Sasa nitajuaje kama zimeoza?"

Ukumbi ukacheka. Amedeus, fundi cherehani aliyepakana naye ukuta kule Lizaboni, akasema kutoka nyuma, "Zikioza, Mzee Pankrasi, tutakunusa wewe."

Mwalimu Jane hakucheka. Alisema swali la mzee ndilo swali lenyewe, na kwamba ndiyo maana kampuni hutoa kitabu cha hesabu kila mwaka. Mwenye akili anakisoma hicho kabla hajatoa shilingi. Akawaambia wasitie pesa zote kwenye kampuni moja. Wanunue kidogo kidogo kila mwezi, bei ikiwa juu wapate chache, ikiwa chini wapate nyingi, mwisho wa safari mizani inakaa sawa. Bei ikishuka siku moja wasikimbie. Waulize kwanza kilichoshuka ni bei au ni kampuni.

"Na la mwisho," akasema, "ingiza pesa ambayo hutaihitaji kwa miaka mitano. Ya ada ya mtoto usiiguse. Ya dawa usiiguse."

Pankrasi alikaa na kikombe mkononi, akipitia kichwani watu wa nyumba yake, nani kati yao hana shida na pesa kwa miaka mitano. Akampata mmoja.

Alimkuta Kasiana anachambua maharage kwenye ungo.

"Mama Egidi, nimefikiri. Marehemu hana haraka."

Kasiana aliendelea kuchambua. "Kakwambia lini?"

"Sisemi vibaya. Nasema fungu lile likikaa hapa linakaa tu. Likienda kwenye hisa, miaka miwili, mitatu, linarudi limenenepa. Badala ya saruji tupu tunamwekea vigae. Na lile jiwe jeusi lenye picha."

"Egidi alikuwa analala chini na mkeka wakati kitanda kipo. Vigae vya nini?"

"Ni heshima."

"Heshima yako au yake?" Akatupa kijiwe nje ya ungo. "Lichukue. Mimi sina nguvu ya kushindana na mtu aliyetoka kwenye semina. Ila ujue, Mgombasi sikanyagi mikono mitupu. Wifi zangu wananitazama mikono kabla ya uso. Mpaka pesa irudi, mimi na mwanangu hatuonani."

Pankrasi alilisikia hilo kama maneno ya mwanamke mwenye hasira, yatakayopoa pamoja na maharage. Hayakupoa.

Akajiandikisha kwa dalali wa hisa kupitia benki, akajaza fomu, picha mbili, akanunua hisa za benki moja kubwa. Na tuseme ukweli, mwanzo alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote. Kila mwezi pensheni ikiingia alikata kipande akanunua. Alijifunza kusoma bei kwenye simu akiwa ameishikilia mbali na uso. Gawio la kwanza lilipoingia, meseji ililia wakiwa mezani. Siku ya pili yake alimletea Kasiana mbasa wa ziwani wa kukaanga, mkubwa, kichwa chake kimening'inia nje ya sahani. Kasiana alikula mkia. Aliuliza, "Huyu ni wa faida au wa fungu?" Pankrasi akamwambia wa faida. Kasiana akala na kichwa.

Juma lilelile bei ikashuka.

Mwalimu Jane alishawaeleza: kampuni ikishafunga orodha ya watakaopata gawio, bei hunywea kidogo, kama ng'ombe aliyetoka kukamuliwa, na aliyekamuliwa hajafa. Pankrasi aliyaandika hayo kwenye daftari kwa mkono wake mwenyewe. Lakini alipoona zile namba zimegeuka nyekundu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mkono wa kulia ukaanza kumuwasha hadi kiwikoni. Kwake lilikuwa jani la tumboni limetoka na ukungu. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumwambia mkulima subiri tuone. Akauza zote, kwa hasara, akafunga simu na kwenda kukata majani ya uani.

Jane alipopata habari alipitia kwake akitoka kazini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Nasikia umeuza."

"Lilikuwa na ukungu."

"Haukuwa ukungu, mzee wangu, ni gawio lilitoka. Kampuni haina tatizo. Nunua tena, kidogo kidogo kama mwanzo."

"Robota nikishalikataa silirudii."

"Hii si tumbaku."

"Kila kitu ni tumbaku, mwanangu. Vinatofautiana moshi tu."

Basi bei ikarudi pale ilipokuwa. Halafu ikapita. Mwaka ulipogeuka ilikuwa mara mbili, na bado inapanda, na watu waliokunywa naye chai ya tangawizi wakaanza kupaka rangi nyumba zao. Amedeus, ambaye alinunua hisa chache tu ili asionekane mjinga, akanunua cherehani ya umeme. Kila asubuhi Pankrasi aliitazama bei ya benki ile kama mwanaume anavyomtazama mke aliyemwacha mwenyewe akipita na gauni jipya. Angeweza kununua tena siku yoyote. Shingo ilikataa kugeuka.

Siku ya Marehemu Wote ikafika, tarehe mbili mwezi wa kumi na moja, wenzao wakapanda magari kwenda vijijini kufagia makaburi. Kasiana alinunua mshumaa, akauwasha kanisani hapohapo Songea, kwenye trei ya wale ambao makaburi yao yako mbali. Mwaka uliofuata akawasha mwingine.

"Fungu limebaki kiasi gani?" aliuliza siku hiyo.

"Lipo la kutosha."

"Kutosha vigae au kutosha saruji?"

Pankrasi akasema ameona kampuni nyingine.

Hii ilikuwa ya biskuti. Alifurahi siku alipoliona jina la kampuni hiyo kwenye orodha ya hisa, kwa sababu hatimaye kulikuwa na kitu chenye harufu. Benki utainusa wapi? Utamnusa mlinzi? Lakini biskuti ziko dukani, zimepangwa, zinamsubiri mtu anayejua kazi. Akaenda duka la jumla, akanunua boksi zima. Hakuzigusa pakiti za juu. Alizamisha mkono mpaka kiwikoni, akavuta pakiti ya tumboni, akaifungua pale pale kaunta, akavunja biskuti moja karibu na sikio, akainusa mvunjiko wake, akaiweka ulimini akafumba macho. Muuza duka anaapa kwamba mzee alimwambia ngano ile ilivunwa baada ya mvua mbili, na kwamba mwokaji ni mtu wa mkono wa kushoto. Kisha akafungua pakiti nyingine nane. Zote sawasawa. Hakuna iliyolainika, hakuna iliyoungua kingo.

"Daraja la kwanza," akasema Pankrasi, na sauti ilikuwa ileile ya sokoni.

Akaingiza fungu lote lililobaki, na akiba ya pensheni juu yake. Hakutawanya. Daraja la kwanza, alisema, hulichanganyi na la tatu.

Mwalimu Jane alimkuta kibarazani na boksi miguuni, akampa pakiti.

"Umesoma kitabu chao cha hesabu?" Jane akauliza.

"Nimekila kitabu chao."

"Mzee, nisikilize. Wewe umefungua robota la biskuti. Robota la kampuni hujalifungua. Kule ndani wana mikopo, wanauza chini ya gharama ili wauze sana, wakurugenzi wawili wameondoka mwaka huuhuu. Imeandikwa."

"Kwa Kiingereza."

"Niletee nikusomee."

Angeweza kukubali. Ilikuwa saa kumi jioni, Jane hakuwa na haraka, miwani ilikuwa mfukoni. Lakini mtu aliyepewa shikamoo na tarafa nzima ya wakulima haanzi tu kusomewa na mwalimu wa sekondari kwenye kibaraza chake mwenyewe, jirani akiwa dirishani na cherehani imenyamaza. Pankrasi alimwambia asante, mwalimu, nitakuita. Hakumwita.

Nyumba ile ilikula biskuti mwezi mzima. Kasiana alizichovya kwenye chai, mpaka siku moja akasema, "Nzuri kweli." Pankrasi akatabasamu. "Sasa nieleze, Baba Egidi. Kadiri watu wanavyozila, mwanangu ndivyo anavyojengewa?"

"Ndiyo hesabu yenyewe."

"Basi wale sana," akasema, akachukua nyingine.

Na watu walizila. Zilikuwa misibani, kwenye harusi, kwenye mikoba ya manesi. Amedeus hakukosa la kusema kila alipompitia: "Mzee, kampuni yako leo nimeinywea chai. Mguu mmoja wa mkurugenzi uliniingia kwenye jino." Na huku zikiliwa, bei ya hisa ikashuka. Ikashuka tena. Safari hii Pankrasi alikuwa amejifunza. Bei ikishuka usikimbie, si ndivyo tulivyofundishwa? Akakaa. Mkono ukamuwasha, akaukalia. Bei ikawa nusu, akakaa. Ikawa robo, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu auze zile za benki alijiona mtu mwenye busara. Somo lilikuwa sahihi, na alilishika sawasawa kama lilivyoandikwa daftarini. Ila nusu yake ya pili, ile ya kuuliza kama kilichoshuka ni bei au ni kampuni, ilikuwa ukurasa wa nyuma.

Mwezi wa kumi, katikati ya jua kali, mdogo wake Fidelisi akapiga simu kutoka Mgombasi.

"Kaka, shikamoo. Moto wa porini umepita makaburini. Juzi, na upepo. Misalaba ya mbao yote imekwenda."

"Kaburi la Egidi unalijua?"

"Nalijua. Nadhani nalijua."

Kasiana alikuwa amesimama karibu kama alivyokuwa anasimama kila simu ya Mgombasi ilipopigwa. Akamnyang'anya mumewe simu. "Shemeji, nadhani ni nini?"

"Shemeji, usikasirike. Juma lile tulizika wawili. Egidi Alhamisi, na yule kibarua wa tumbaku Jumamosi, yule mgeni. Bega kwa bega. Msalaba mmoja, fundi mmoja, mbao za mti mmoja. Tulikuwa tunasoma jina. Sasa jina limeungua. Njooni mjengee kabla mvua haijalaza vichuguu, labda tukivitazama pamoja tutakumbuka."

Kasiana akakata simu, akaiweka mezani mbele ya Pankrasi, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Uza," akasema.

Pankrasi akaweka oda ya kuuza. Sasa hapo akajifunza somo ambalo hata Jane hakulisema kwa mkazo: ili uuze lazima awepo wa kununua. Siku ya kwanza hakutokea mtu. Wiki ikaisha. Pankrasi alikaa na simu mapajani akaiona sura yake kwenye kioo cheusi, na alikuwa anafanana na wale wazee waliokaa pembeni ya soko juu ya marobota yaliyokataliwa, wakimngoja apite tena. Akashusha bei. Akashusha tena. Siku ya Marehemu Wote ikapita, Kasiana hakuwasha mshumaa. Alisema hajui aombee upande gani. Mvua za kwanza zilipopiga bati, oda ikaliwa, mnunuzi akapatikana. Pesa iliyorudi ilitosha mifuko minne ya saruji, nauli, na ujira wa fundi wa siku moja.

Mgombasi walifika asubuhi ya mawingu. Makaburini ardhi ilikuwa nyeusi, majivu yamelowa, na majani mabichi yameanza kuchomoza kana kwamba hakukuwa na kitu. Fidelisi alikuwepo, na Chande, mzee aliyewachimbia makaburi nusu ya watu wa kijiji kile bila kuuliza dini yao, na Victor fundi na koleo lake. Mbele yao palikuwa na vichuguu viwili vilivyolala, vimeinuka kidogo tu, kama watu wawili waliojifunika shuka moja.

"Huyu wa kulia," akasema Fidelisi.

"Wa kushoto," akasema Chande. "Nilisimama hapa, mgongo kwenye mti."

"Mti upi?"

"Uliungua."

"Basi utajuaje ulisimama wapi?"

"Nilichimba mawili juma moja, Fidelisi. Mgongo unakumbuka. Kichwa ndicho kinachobisha."

Walikuja pia watu wengine, wawili watatu, wakulima wa zamani wa tumbaku, wamesikia mteuzi yupo. Walimwamkia, wakasimama pembeni mikono nyuma. Hakuna hata mmoja aliyekuwa hajawahi kukataliwa na yeye. Victor akachomeka koleo ardhini.

"Mzee, msingi nautia wapi?"

Pankrasi alitazama cha kulia, akatazama cha kushoto. Alikumbuka jua la siku ile, kelele za wanawake, na kiatu chake kimoja kilichojaa udongo. Alikumbuka mkono wa nani ulimshika kwapani asianguke. Upande hakuukumbuka. Alijaribu kurudi akilini kutoka njiani, hatua kwa hatua, akafika kwenye kamba za kushushia jeneza, na kila alipozifikia zilikuwa katikati.

"Sijui," akasema.

Wale wakulima hawakucheka. Mmoja alivua kofia. Chande akakohoa, akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi, kusema kweli, sijui sana."

Ndipo Kasiana akasogea. Alikuwa hajalia tangu washuke kwenye gari. "Victor, jengea yote mawili."

"Mama, mifuko minne? Hata moja ni kwa kubana."

"Sikusema sakafu mbili. Fanya moja pana, ifunike wote."

"Itakuwa nyembamba kama chapati. Mwaka wa kwanza itapasuka."

"Ipasuke. Itapasuka ikiwa juu yake."

Victor akamtazama Pankrasi kutafuta neno la mwanaume. Pankrasi alikuwa ameshavua koti na anabeba mfuko wa kwanza.

Walichanganya zege kwa maji ya mtoni, wakamwaga, Victor akasawazisha kwa ubao. Kabla halijakaza akachukua msumari. "Jina."

"Egidi," akasema Kasiana. Kisha akamgeukia Fidelisi. "Na yule mwenzake aliitwa nani?"

Fidelisi akajikuna shingo. "Tulimwita Kigoma. Ndiko alikosema katoka. Jina lake halisi, nani aliuliza, shemeji? Alikuwa mtu wa msimu."

"Andika Kigoma chini yake."

Victor akasita, msumari hewani. "Mama, mtu akisoma Egidi, halafu Kigoma, atadhani kijana wenu alitoka Kigoma."

"Wadhani. Na huyo mwingine ana mama yake huko, anafikiri mwanawe yuko kazini. Andika."

Akaandika. Herufi zilikwenda zikipinda kwa sababu zege lilikuwa limeanza kushika. Katekista alikuwa hajafika, na chakula cha watu hakikuwepo, kwa hiyo Kasiana mwenyewe akaanzisha Baba Yetu, na Chande akasimama kando mikono ameikunjua, akasoma dua ya kwao kimyakimya. Walipofika kwenye amina tone la kwanza likaanguka juu ya saruji mbichi, likachimba tundu dogo kwenye herufi ya kwanza. Likafuata la pili.

"Itaharibika," akasema Victor. "Zege halijashika, mvua itatoboa yote."

Fidelisi alikimbia kuleta turubai kutoka kwenye bani lake la zamani. Hawakuwa na nguzo wala kamba, basi wakalishika kwa mikono, Fidelisi na Victor upande mmoja, Pankrasi na Kasiana upande mwingine, wameinama juu ya lile jiwe lao jembamba. Mvua ikaongezeka. Maji yalijikusanya katikati ya turubai, likawa linabonyea kuelekea majina, na kila mara walilazimika kuinua pamoja ili yamwagike kando. Wale wakulima waliondoka mmoja mmoja. Mikono ya Pankrasi ikachoka, akasema labda zege limeshika sasa, labda waliache.

Kasiana, maji yakimchuruzika kidevuni, alilitazama zege chini ya turubai.

"Bado," akasema. "Baba Egidi, inua upande wako."

Akainua.